Mvua ya Turkana haipigi hodi

LODWAR, Kenya

Dereva anayetoka Kitale na shehena ya vitunguu kwenda Kakuma, na pengine hadi Nadapal ili avuke kuingia Sudan Kusini, huondoka amevaa koti na kulivua kabla hajafika Kainuk. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Lodwar iko mita 500 hivi. Katika kilomita zipatazo 300 za barabara, lori linashuka kutoka kwenye mashamba ya mahindi yanayopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka hadi kwenye mchanga, mawe meusi na migunga, ambako mwaka mzima ukileta milimita 200 watu hushukuru. Ukishapita Lokichar hakuna anayezungumzia mvua. Mazungumzo ni jua, matairi na bei ya maji ya chupa.

Kwa hiyo mvua ikianguka huku siku ambayo hakuna aliyeitarajia, kazi zote husimama. Wauza mkaa kando ya barabara huacha magunia yao, utingo huchungulia kutoka juu ya turubai, na watoto hutoka nje badala ya kuingia ndani. Mgeni kutoka Kampala au Bujumbura, ambako mvua ni jambo la kukimbia na kujikinga, hushangaa kuona watu wazima wamesimama katikati ya uwanja wakiangalia juu, nguo zimelowa chapachapa, wakicheka.

Wanaoifahamu vizuri zaidi mvua ya namna hiyo si madereva wala wenye maduka. Ni wachungaji wanaotembea mchana kutwa na mbuzi wao, pamoja na mbwa wawili au watatu ambao hawakuagizwa kuja lakini hawakosi.

Matembezi hayo hayafanani na yale ya mitaa ya matajiri mjini, ambako mbwa hufungwa kamba na kuzungushwa jioni ili ajisaidie. Mbwa wa Turkana hana kamba na mara nyingi hana hata bakuli. Ni mwembamba, mbavu zinahesabika, na rangi yake imekaribiana na ya mchanga. Usiku hulala karibu na zizi na kubweka fisi anapokaribia. Mchana huandamana na kundi, na akiona mbweha humfukuza kidogo kwa heshima ya kazi, kisha hurudi kivulini. Hana mshahara isipokuwa mifupa, maziwa yaliyomwagika na kile atakachojikamatia mwenyewe.

Saa tisa alasiri, joto likiwa nyuzi 35 au zaidi, mwendo wa mbwa hubadilika. Haendi moja kwa moja tena. Anatoka mgunga mmoja hadi mwingine, anachimba kidogo kufikia mchanga wa chini usio na moto sana, analala juu yake ulimi nje, halafu anainuka kumfuata mwenyewe ambaye tayari yuko mbele. Mwili wa mbwa hautoki jasho kama wa binadamu, ukiondoa kidogo kwenye nyayo. Hupoza mwili kwa kuhema. Katika hewa kavu kama ya Turkana njia hiyo inafanya kazi vizuri, ila inakula maji ya mwili, na maji ndiyo hayapo.

Upepo usioshusha mzigo

Kwa nini Turkana ni kavu ilhali iko karibu na ikweta, na Karamoja na milima ya Pokot ziko pale pale? Jibu kubwa ni upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi mkubwa kama korido, na hewa kutoka upande wa Bahari ya Hindi hupita humo kwa kasi, hasa usiku na asubuhi. Ndio upepo huo huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa upande wa Marsabit. Umebeba unyevu mwingi, lakini ni mfanyabiashara wa kupita tu. Mzigo wake haushuki Turkana, unakwenda kuuzwa mbele.

Wazee wa huku hugawa mwaka katika vipindi viwili: akiporo, wakati wa mvua, unaoanza karibu na mwezi Aprili, na akamu, wakati wa ukavu, ambao ndio mrefu. Ila akiporo si ahadi. Kuna miaka inapita bila kuonekana. Na kuna siku katikati ya akamu upepo unalegea, ardhi imechemka kupita kiasi, hewa inapanda juu, na wingu moja linajikusanya kuelekea mpaka wa Uganda. Linakua kwa saa mbili tu, juu jeupe kama pamba na chini jeusi kama sufuria.

Mara nyingi wingu hilo ni la uongo. Mvua inaonekana ikining'inia chini yake kama pazia la kijivu, lakini pazia halifiki chini. Matone yanakauka hewani kabla ya kugusa ardhi. Mchungaji mwenye uzoefu huliangalia bila kusema neno na kuendelea na safari. Ameshaonyeshwa mvua mara nyingi.

Ila matone hayo yaliyokauka yana kazi moja. Yanapogeuka mvuke yanaipoza hewa, na hewa baridi ni nzito. Inaporomoka hadi ardhini na kutambaa pande zote, ikisukuma ukuta wa vumbi mbele yake. Mtu huona vumbi likija. Mbwa huwa amejua mapema. Anasimama ghafla, anaelekeza pua kule kunakotoka hewa mpya na kuacha kuhema, mdomo umefungwa. Pua ya mbwa ina vipokea harufu vinavyofikia milioni 300. Binadamu ana kama milioni 5 au 6. Kile ambacho mchungaji atakinusa baada ya robo saa, mbwa anacho tayari.

Harufu yenye soko

Harufu hiyo kila msomaji anaijua, awe Kigoma au Goma: ardhi kavu iliyoguswa na maji. Mwaka 1964 watafiti wawili waliofanya kazi Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza na kuipa jina la kitaalamu, petrikori. Walionyesha kwamba katika siku za ukavu mawe na udongo hukusanya mafuta yatokayo kwenye mimea, na unyevu ukifika mafuta hayo huachiliwa hewani. Kuna kitu kingine pia ndani ya harufu hiyo, kiitwacho jiosimini, kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua ya binadamu, pamoja na udhaifu wake wote, ni kali ajabu kwa kitu hicho. Hukitambua hata kikiwa ni chembe chache katika trilioni.

Wafanyabiashara wa Kannauj, mji wa kaskazini mwa India uliojengwa juu ya biashara ya manukato, hawakungoja wataalamu. Kwa vizazi vingi wamekuwa wakichoma udongo wa mfinyanzi, wakiuchemsha katika vyungu vya shaba, na kukamata mvuke wake ndani ya mafuta ya msandali. Kinachotoka ni chupa ndogo yenye harufu ya mvua ya kwanza, na watu wanainunua kwa fedha nzuri. Turkana harufu hiyo haina bei, na haiji kwa kuagizwa.

Ngurumo, kisha mchezo

Tone la kwanza huanguka kama jiwe dogo. Linatoboa tundu kwenye vumbi na kuacha ukingo wake kama pete. La pili linaanguka hatua kumi mbele. Mbuzi, ambao hawapendi maji hata kidogo, wanageuza matako kwa upepo na kubanana. Kisha hakuna tena matone ya kuhesabu. Ni maji tu, yanakuja kwa mshazari, na mlima uliokuwa mbele haupo.

Mchungaji hakimbii. Akimbilie wapi? Nyumba iko saa mbili nyuma, na mgunga uliosimama peke yake ni mahali pabaya pa kusimama radi inapopiga. Wafugaji wanajua hilo kwa kupoteza mbuzi, maana mbuzi hukimbilia hapo hapo chini ya mti. Anachofanya ni kuchuchumaa mahali pa chini kidogo, mbali na mti na mbali na korongo, mkuki ameuweka kando. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Anayehesabu tatu kati ya mwanga na ngurumo ajue radi iko kilomita moja tu.

Katika dakika hizo mbwa hawana ushujaa. Yule aliyemfukuza fisi juzi anajibana kwenye miguu ya mwenyewe, mkia katikati ya mapaja, akitetemeka. Mchungaji ambaye siku nyingine angemsukuma kwa fimbo humwacha akae. Ni nadra kuwaona karibu hivyo.

Kisha ngurumo zinasogea upande wa ziwa, mvua inabaki peke yake, nyepesi na baridi, na hapo ndipo raha inapoanza. Mbwa mmoja anatoka kwenye miguu, ananusa dimbwi, anayalamba maji, anayashangaa. Anaweka mguu ndani. Halafu bila sababu yoyote anaanza kukimbia kwa duara, kwa nguvu zake zote, mwili umeinama chini, masikio yamelala nyuma. Wa pili anamfuata. Wanayauma maji, wanagaagaa kwenye tope, wanapigana mchezo, wanakimbia tena. Mbwa hawa kwa miezi hawajapoteza pumzi hata moja bure.

Mchungaji naye amesimama. Amefungua mdomo kwa juu kama mtoto. Ameloa hadi mifupa, na katika nchi hii kuloa hadi mifupa ni anasa ambayo hakuna pesa iwezayo kuinunua siku ya kawaida. Wapo wanaoimba. Wapo wanaomshukuru Akuj, Mungu, ambaye kwa Waturkana anahusishwa na mbingu na mvua. Wengi hawasemi kitu. Nyumbani, saa mbili nyuma, wanawake watakuwa wametoa kila sufuria, kila dumu, kila beseni lenye ufa na lisilo na ufa.

Mbwa wakichoka hujikung'uta, na aliye karibu huoga mara ya pili. Watafiti wa Marekani walipima tendo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2012: mbwa hujitikisa mara nne au tano kwa sekunde, na katika sekunde chache huondoa karibu asilimia 70 ya maji mwilini. Mnyama mdogo hutikisika kwa kasi zaidi. Panya hufikia mara 30 kwa sekunde. Mashine nyingi za kufulia zingeona haya.

Maji yanayotoka Uganda

Hapa ndipo habari inapomgusa mwenye lori.

Ardhi ya Turkana imeokwa na jua hadi imekuwa kama sahani. Maji yakianguka kwa wingi hayazami, yanateleza. Yanaingia kwenye vijito, vijito vinaingia kwenye laga, kama korongo la msimu linavyoitwa huku kaskazini mwa Kenya, na laga iliyokuwa barabara ya mchanga asubuhi inakuwa mto wa kahawia jioni. Mbaya zaidi, maji yanaweza kufika mahali ambapo mbingu ni safi na jua linawaka. Tarach, mto wa msimu unaopita Kakuma, huanzia kwenye ngome ya milima ya mpaka wa Uganda. Mtu anaweza kuwa amelala kwenye mchanga wake, hajaona tone, na mvua iliyonyesha mpakani iko njiani kuja kwake.

Mito haijui forodha. Turkwel, ambao ndio uhai wa Lodwar, huanza kama mto Suam kwenye Mlima Elgon na kuwa mpaka wenyewe kati ya Kenya na Uganda kabla ya kuingia kwenye bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1991. Ziwa Turkana, unakoishia Turkwel, hupata sehemu kubwa mno ya maji yake kutoka mto Omo wa Ethiopia. Mfanyabiashara anayevuka mipaka mitatu kwa juma anafuata tu mkondo ambao maji yaliufungua zamani.

Wachungaji hushuka kwenye laga mchana kwa sababu huko ndiko kuna vivuli vikubwa na visima vya kuchimba kwenye mchanga. Kwa hiyo mvua ikinyesha popote karibu, jambo la kwanza ni kuwatoa mbuzi kwenye laga na kuwapandisha juu. Mbwa hapo hurudia kazi yao. Wanaacha mchezo, masikio yanasimama, wanatazama upande wa juu wa laga. Sauti inayokuja ni kama ya malori mengi yanayopanda mlima kwa gia ndogo. Kichwa cha mafuriko hakiji kama maji. Kinakuja kama takataka: matawi, povu, samadi ya mwaka mzima, mzoga wa punda.

Barabara ya kutoka Lokichar kwenda Nadapal imetengenezwa upya na safari iliyokuwa mateso imekuwa safari. Madaraja yameongezeka. Hata hivyo bado kuna siku ambazo maji hupita juu ya lami, na hizo ndizo siku ambazo mtu mwenye nyanya zinazoiva ndani ya kreti anashawishika kujaribu. Vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wa usalama ni vya kutisha kwa udogo wake. Maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuelesha gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, yale ya juu yakiwemo. Dereva hawezi kupima kina cha maji ya kahawia kwa macho, wala hajui kama lami bado iko chini yake.

Wakongwe wa njia hii huzima injini, hupika chai na kungoja. Laga nyingi hushuka ndani ya saa chache, kwa sababu mvua ya jangwani ikija kwa kishindo huondoka mapema pia. Nyanya zitapoteza bei Kakuma, ni kweli. Utingo ana watoto Kitale.

Baada ya kunyesha

Furaha ya mvua hii haieleweki bila kukumbuka kilichopita. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika eneo la Pembe ya Afrika, kaskazini mwa Kenya ikiwemo. Mifugo ilikufa kwa wingi, na masoko yakajaa wanyama ambao hakuna aliyewataka. Mvua iliporudi mwaka 2023, sehemu nyingine ilirudi kwa mafuriko. Mbuzi na kondoo aliyebaki ngozi na mifupa hana mafuta ya kumkinga. Usiku mmoja wa kuloa na upepo unaweza kummaliza baada ya kustahimili jua miezi mingi. Ndiyo maana mchungaji, hata akicheka na mbwa wake, jicho moja liko kwa wanambuzi, na jioni hiyo wadogo watalala ndani pamoja na watoto.

Asubuhi inayofuata jangwa ni jingine. Wadudu wadogo wekundu kama mahameli wanatembea juu ya mchanga, na hakuna ajuaye walikuwa wapi. Kumbikumbi wanaruka kutoka kwenye vichuguu, na mbwa ambao hawakula jana wanawala mpaka matumbo yanabinuka. Baada ya siku chache kuna ukungu wa kijani chini, mwembamba kiasi kwamba unaonekana kwa mbali na kupotea ukiusogelea. Mvua kama hiyo hiyo ikirudiarudia ina upande wake mwingine, maana mchanga wenye unyevu ndipo nzige wa jangwani hutaga. Turkana haijasahau makundi ya mwaka 2020.

Majani hayo machache yanahamisha watu. Wakati wa ukavu Waturkana wengi hupeleka mifugo upande wa Karamoja, na jambo hilo lilimwaga damu kwa miaka mingi. Septemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikutana Moroto, serikali zao zikatia saini makubaliano kuhusu amani na maendeleo ya pande hizo mbili za mpaka, maji na malisho yakiwemo. Mbwa huvuka pamoja na mifugo bila cheti chochote. Hilo lingepaswa kuwasumbua zaidi maofisa wa mifugo wa nchi zote mbili, kwa sababu kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa inayoishia kwenye mstari wa ramani inamlinda nusu mtu. Mfanyabiashara akiumwa na mbwa njiani, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo. Asingoje kufika Kitale.

Sokoni mabadiliko huonekana karibu mara moja. Mwenye mbuzi ambaye juzi alikuwa tayari kuuza kwa bei ya kutupa, leo ameona wingu na ameghairi. Mnunuzi aliyepanda kutoka bondeni na fedha taslimu hukuta kamba nyingi na wanyama wachache, na wale waliopo wamepanda bei kabla hawajapanda uzito. Mifugo inaondoka karibu na barabara kufuata majani, na wenyewe wanaondoka nayo. Baada ya wiki kadhaa mbuzi wakizaa maziwa yanarudi, na maziwa yakirudi chai inarudi. Kinachotafutwa kwenye vibanda vya Lodwar na Kakuma wakati huo ni sukari na majani ya chai, pamoja na tumbaku ya wazee na maturubai. Anayeshuka kutoka Kitale akisikia kwamba imenyesha Turkana apunguze kreti za nyanya, apakie sukari.